Mikorosho ya Mjomba Kwenye Kiwanja Changu

Jumanne, Mkomaindo

Leo asubuhi nimepoteza mikorosho kumi na minne, yote ikiwa imesimama wima kwenye kiwanja nilichonunua wiki iliyopita.

Nilikwenda Makote kubadilisha kitasa cha nyumba yangu mpya. Nikamkuta Baba Hadija, aliyeniuzia, na dada yake, wanapuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho.

"Shikamoo, Baba Hadija. Mmekuja kunisaidia kazi?"

"Marahaba, Mama Neema, karibu kwako. Nyumba nimekuuzia, mikorosho sijakuuzia. Aliipanda mjomba wetu."

Karibu kwako! Na hata hakucheka.

Nikaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji. Akausoma mkataba taratibu kama barua ya posa. "Umeandikwa nyumba na kiwanja. Mikorosho haikutajwa, mama. Huku kwetu miti huuzwa peke yake."

Mkataba niliuandika mwenyewe. Mimi mjanja, niliyekwepa gharama ya wakili, niliorodhesha mabati, milango, madirisha, hata tangi la maji ya mvua. Mikorosho niliihesabu kichwani tu. Laiti ningeongeza mstari mmoja...

Ninachoogopa si kukosa korosho pekee. Mwenye mti lazima aufuate, kwa hiyo kila msimu ukoo mzima utahamia uani kwangu, nami niwachemshie chai.

Baba Hadija, kesho nakuletea swali hili kwa maandishi: bei uliyopokea ilikuwa ya kiwanja pamoja na mikorosho, ndiyo au hapana? Nijibu mbele ya mtendaji, Ijumaa, kabla ya saa nne asubuhi.