Wafula Yuko Thieta

Jumatatu, 4 Machi 1991
Nimefungua duka la bosi. Sukari, sabuni, betri. Wateja wachache. Jioni darasa la Kiingereza kanisani, hapa Ntinda. Mwalimu kasema nimeanza kukisikia vizuri. Wafula hakuuliza nimetoka wapi. Tangu Krismasi mume wangu haulizi kitu.

Jumanne, 5 Machi
Wafula katoka alfajiri kwenda Luzira kupakua mizigo gatini. Hatukuagana.
Saa nane mchana simu ya duka ikalia. Mwanamke, sauti ya kijana, Kiingereza cha mbio. Mimi ni mke wa Wafula? Ndiyo. Wafula yuko thieta, njoo. Laini ikakatika.
Thieta naijua. Tulifundishwa: nyumba ya michezo ya kuigiza, watu hukaa vitini na kupiga makofi. Siku ya kazi, na mwanamke. Tena ananiita nikaone.
Sikwenda. Nimeuza mpaka jioni. Hakurudi kulala.

Jumatano, 6 Machi
Hajarudi. Nguo zake nimezitia kwenye gunia, nimeliweka nje ya mlango. Sina hasira. Sina chochote.

Alhamisi, 7 Machi
Juma amekuja dukani. Mnubi, hupakua mizigo pamoja na Wafula. Hakunisalimu.
"Shemeji, kwa nini hapana kuja? Bwana yako naita wewe tu."
Nikamwambia amuulize yule mwanamke wa thieta.
Akanitazama. "Ile nesi? Thieta ya hospitali, shemeji. Kule napasua watu."
Mzigo ulimwangukia Jumanne asubuhi. Wamemkata mguu wa kulia, juu ya goti.
Nilifunga duka bila kumwambia bosi. Wodini Wafula alikuwa macho. "Umekuja," akasema. Basi. Shuka lilikuwa bapa pale mguu ulipokuwa. Nililitazama hilo tu. Machozi hayakuja.

Ijumaa, 8 Machi
Nguo nimezirudisha ndani. Zilinyeshewa. Nimezifua zote. Suruali sijui nizifanyeje.

Jumapili, 24 Machi
Wamemruhusu. Juma amemleta.
Juma alipoondoka nilimwambia Wafula yote. Simu, mwanamke, gunia.
"Ulidhani ni nani?"
Sikuwa na jina. Nikasema sijui.
Tumekula. Ameomba upande wangu wa kitanda, wa ukutani, apate pa kushika akiinuka. Amelala. Mimi nimehamia upande wa mlango.