Orodha Tatu za K7

Jumatatu, 4 Machi

Sijavua hata koti, Matroni kaingia masjala na karatasi mkononi. Dawa ya matone ya macho, bechi K7, imeharibika tangu kiwandani. Inaunguza jicho badala ya kuliponya! Kila aliyepewa apigiwe simu, aache leo leo, aje apimwe. Bechi nyingine hazina neno.

Nikamwambia hiyo kazi ndogo. Kadi zote za kliniki nimeziingiza mimi kwenye kompyuta, na kila kadi ina kisanduku cha bechi. Miwani, yule fundi aliyetuletea programu mpya, akaandika herufi zake mbili tatu za kutafutia, akabonyeza. Watu kumi na wawili. Hadi saa nane mchana nimewapata wote. Nikashukuru Mungu palepale kitini.

Ila kumi na wawili tu? Mbona katoni zilikuja mbili?

Jumanne, 5 Machi

Moyo haukutulia. Programu ya zamani, aliyoitengeneza shemeji yangu, bado ipo kwenye kompyuta ya pembeni na inasoma kadi zilezile. Nimeifungua, nikaandika K7 kama nilivyomwona Miwani akiandika. Herufi zilezile! Watu thelathini na mmoja.

Nilidhani nimeharibu kitu. Nimemwita Miwani. Kaja, kaangalia, kasema programu yake haijakosea hata nukta. Nimempigia shemeji. Naye kasema yake haijakosea tangu izaliwe.

“Shemeji, huyo bwana katumia Java, mimi nilitumia Perl,” akasema, anacheka. “Usimkasirikie.”

Eti ni lugha za kompyuta. Nikauliza, sasa lugha mbili, K7 moja, mbona hesabu mbili? Miwani, ili amkomeshe shemeji, akajaribu na lugha ya tatu, Python. Ishirini na sita!

Nikashika kichwa. Matroni kachungulia mlangoni, kauliza wagonjwa ni wangapi. Nikamwambia inategemea unamuuliza nani. Hakucheka.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji kanieleza tena asubuhi, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Nifikirie mabawabu watatu, kasema, wote wamepewa agizo moja: tafuta K7. Wa Perl anakagua kisanduku chote, akiiona K7 popote, pita. Wa Python, kwa amri aliyotumia Miwani, anataka kisanduku kianze na K7, mbele huko andika utakalo. Wa Java, kwa amri ya Miwani pia, hataki mchezo: kisanduku kiwe K7 tupu, kikiongezwa hata neno moja anafunga mlango.

“Na nani alikwambia watu wanaongeza maneno humo?” Miwani akauliza.

Ni mimi. Kadi haina nafasi ya maelezo, basi nikaona nitie humohumo. “K7, anaogopa taa kali.” “K7, haoni vizuri, asomewe.” “Chupa ya pili, K7.” Nilidhani nasaidia! Waliopata neno langu la huruma ndio waliofungiwa mlango.

Nimewapigia wote wa orodha ndefu. Mstaafu mmoja wa posta kaimwaga dawa yake chooni nikiwa bado sijamaliza sentensi, kisha kaanza kulia kwamba atapofuka. Kumbe yake ilikuwa K70! Bawabu wa Perl kaona K na 7, kampitisha. Nimempigia tena kuomba radhi. “Mama, mniamulie,” kaniambia, “nina macho au sina?”

Matroni kaniangalia jicho ambalo halihitaji dawa.

Alhamisi, 7 Machi

Miwani na shemeji wameelewana mwishowe, kwenye simu, kwa maneno ambayo sikuyashika hata moja. Wameongeza alama fulani: K7 itafutwe popote, lakini isifuatwe na tarakimu. Wamejaribu lugha zote tatu, kila moja kwa amri yake inayofaa. Ishirini na nne. Ishirini na nne. Ishirini na nne! Nilitaka kupiga kigelegele.

Wale saba wa K70 na ndugu zake wametolewa. Waliobaki wamepigiwa wote. Matroni katia sahihi. Miwani kaniambia, “Sasa pumua, mama.” Shemeji kanituliza: kompyuta inatafuta kilichoandikwa, haijui ulichokusudia.

Nimepumua. Lakini hilo neno lake limenirudia mchana kutwa. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi kwenye maombi nafasi ya Mama Cherehani ilikuwa tupu. Shoga yangu huyo hakosi hata akiwa na homa. Jirani yake kasema macho yanamwasha tangu Jumapili, hata sindano hawezi kuitunga uzi.

Sikumaliza kuomba. Mungu anisamehe, nimetoka mbio hadi masjala.

Nimefungua kadi yake kabla ya kuwasha taa. Kisanduku cha bechi: “kama juu.”

Kama juu! Ndivyo tulivyoandika kwenye vitabu vya zamani, mtu akipewa sawa na aliyemtangulia. Mkono ulizoea. Siku ile foleni ilifika nje, aliyemtangulia alipewa K7, na yeye ni rafiki, nikaandika haraka haraka ili aende zake. Kwenye kitabu ungeona wa juu. Kwenye kompyuta kila kadi iko peke yake, haina juu. Bawabu gani angemwona? Hakuna! Na thelathini na mmoja wale, na ishirini na nne wale, mimi nashangilia.

Miwani katafuta “kama juu” nyingine. Tatu. Kavua miwani yake, kaifuta. Matroni kachukua hizo tatu, mimi nimebaki na yangu.

Nimepiga mara mbili, haikupokelewa. Mara ya tatu kapokea mwanawe mkubwa. Nikauliza mama yuko wapi.

“Amelala chali, mama mdogo, usimwamshe. Ndiyo kwanza nimemtia dawa. Kasema leo nimtie matone mengi kidogo, labda ndipo itafanya kazi.”

Nikamwambia maji. Maji safi, mengi, mwoshe macho sasa hivi, usikate simu! Kisha mwekee vidole mbele, mwulize anaona vingapi.

“Kuna nini, mama mdogo?”

Nenda, mwanangu. Nitakueleza.

Kaiweka simu mezani. Naandika huku simu ikiwa sikioni. Nasikia bomba la maji. Nasikia shoga yangu anauliza ni nani anayepiga kelele. Sasa bomba limefungwa. Mwanawe anamwambia, “Mama, hivi ni vingapi?”

Yuko kimya. Bado yuko kimya.