Mama Yangu Aliniamkia Mbele ya Mkwe

Mpendwa Mama Aglaia,

Naomba msaada wako, tena naomba usinicheke, kwa sababu haya sijamwambia mtu hata mmoja, si mume wangu, si padri, na nikiendelea kuyaweka moyoni naona nitapasuka.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili hapa Cluj, na nimeolewa katika ukoo wa madaktari wa meno, yaani baba mkwe daktari wa meno, mume wangu Tiberiu daktari wa meno, hata wifi yangu daktari wa meno, na mama mkwe, Bi Olimpia, hajawahi kung'oa jino la mtu lakini ndiye anayetutawala wote. Wakati wa uchumba niliwaambia kwamba mama yangu alikuwa mwalimu wa muziki, kwamba anaishi Italia kwa dada yake na kifua kinamsumbua hawezi kusafiri, hata harusini hakuja. Ukweli ni kwamba Italia alikwenda, tena miaka minane, lakini alikuwa Turin akimwosha na kumlisha mzee mmoja aliyepooza, na mimi nikasoma sheria kwa jasho hilo. Aliporudi alinipigia simu akasema amepata kazi ya usafi Bucharest, nikamwambia vizuri mama, nikaendelea na shughuli zangu. Hata jina nilimbadilishia, kwa wakwe anaitwa Margareta, maana Paraschiva, wewe mwenyewe unajua Mama Aglaia, ni jina la mtu anayefuga bata.

Basi mwezi uliopita mama mkwe akaamua kumfanyia binti yetu Ilinca sherehe ya kutimiza miaka mitano, akatupeleka Bucharest siku tatu kwenye hoteli moja kubwa ya katikati ya mji, ambayo bwana wa mlangoni anakuita kwa jina kabla hujashuka kwenye teksi. Sijui kama umewahi kulala mahali kama pale. Ilinca alipewa kitanda chenye jina lake limetariziwa kwenye mto, joho lake dogo la kuogea, kingazi cha kufikia beseni, na kila tukitoka na kurudi tulimkuta dubu wake wa kuchezea amewekwa mahali pengine, mara dirishani amekunja nne anasoma gazeti, mara kitandani amefungwa bandeji sikioni, kwa sababu sikio hilo lilikuwa limechanika siku nyingi na mtu alikuwa amelishona. Mtoto alikuwa anapiga kelele za furaha. Mama mkwe naye alijivuna utadhani hoteli ameijenga yeye.

Lakini nimeruka mbele. Asubuhi ya kwanza tulikuwa chumbani, mimi, mama mkwe na mtoto, mlango ukagongwa, akaingia mhudumu wa vyumba na taulo, nikainua macho, ni mama yangu. Yeye alinitazama mara moja tu, akamtazama mama mkwe, akaelewa kila kitu kabla mimi sijavuta pumzi, akainamisha kichwa akasema, "Nabusu mkono, madamu. Nimeleta taulo za mtoto." Mama mzazi, Mama Aglaia! Ananiamkia mimi! Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Weka pale."

Hapo Ilinca, ambaye tumemfundisha kumwamkia hivyo kila mwanamke mtu mzima, akaruka kutoka kitandani, "Nabusu mkono, bibi!" Mama mkwe akacheka. "Hapana, kipenzi," akamwambia, "huyu ni mhudumu. Yeye ndiye anayekuamkia wewe." Mtoto akanigeukia, "Eti mama?" Nikasema, "Msikilize bibi yako." Mama yangu alikuwa bado amesimama na taulo mkononi.

Mchana nikamvizia kwenye ujia akisukuma kitoroli cha mashuka.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nafanya kazi. Chumba kina joto la kutosha?"

"Mbona hukuniambia kwamba ni hoteli hii?"

"Hukuniuliza, binti yangu." Akanisukuma begani taratibu. "Nenda, nenda, mkweo atatoka akuone. Usiwe na wasiwasi, mimi sikujui."

Siku ya pili Ilinca akagoma kula, vyakula vyote vile vya kwenye sahani zenye mifuniko ya fedha hakutaka hata kuonja, mama akashuka jikoni, sijui aliwaambia nini wapishi, akapanda na bakuli la ugali wa maziwa, ugali wetu ule wa mahindi wa kule kwetu Vaslui, mtoto akala mpaka akalamba kijiko, na mama mkwe akaomba aletewe na yeye "aonje kidogo tu", akamaliza bakuli zima. Basi ndipo matatizo yalipoanza. Siku ya kuondoka mama mkwe akamwita pale mapokezi, mbele ya watu.

"Dada, jina lako nani?"

"Paraschiva, madamu."

"Paraschiva, wewe una mkono na watoto. Achana na kutandika vitanda vya watu, njoo Cluj kwa mwanangu umlee mjukuu wangu. Chumba kipo."

Nilimkazia mama macho ili akatae. Akanitazama kidogo, akamtazama Ilinca, akasema, "Nitakuja, madamu."

Amekwisha kuaga kazini, siku yake ya mwisho ni Jumamosi. Anafika Jumapili kwa treni ya asubuhi, na mama mkwe ameandaa chakula cha mchana kwangu ili amwelekeze kazi. Sasa naomba unishauri, Mama Aglaia, je, nimpigie simu nimwombe aseme anaumwa, au nimwache tu aje, maana kusema kweli mtoto anampenda, kile chumba cha karibu na jiko si kibaya, kina dirisha, na mimi nitamtendea vizuri, nitampa mapumziko kila Jumapili, na tukiwa wawili peke yetu nitamwita mama? Tafadhali ukichapisha barua hii badilisha majina, kwa sababu ndoa yangu iko mikononi mwako.

Wako mwenye aibu,
Smaranda

*

Binti,

Umeniomba nisikucheke. Kuwa na amani, sikucheka. Nilisoma barua yako, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Utamtendea vizuri! Utampa mapumziko kila Jumapili! Na mkiwa wawili peke yenu, mumeo yuko kazini na mtoto amelala, utamfanyia mama yako hisani ya kumwita mama. Niambie, na majani ya chai utampimia? Nimeandika safu hii miaka kumi na tisa, nimejibu walevi, wazinzi, na bwana mmoja aliyemficha kaka yake kwenye banda la kuku ili asigawane naye shamba, lakini mtu wa kuniuliza kama chumba chenye dirisha kinamtosha mama yake ndio kwanza nampata.

Uliniuliza kama nimewahi kulala hoteli kama ile. Sijalala, niliwahi kuingia mara moja kukimbia mvua, wakanipa kiti na taulo la kufutia nywele bila kuuliza mimi ni nani. Nakiri watu wale wanaijua kazi yao. Hoteli ilihitaji usiku mmoja tu kujua binti yako anaitwa nani. Wewe ulikuwa na miaka yote hii, na hukujua mama yako anafanya kazi mtaa gani. Umenisimulia dubu, bandeji, gazeti na bakuli la ugali, umesifia huduma mpaka kalamu imechoka. Huduma gani? Huyo alikuwa bibi anacheza na mjukuu wake kwa njia pekee aliyoachiwa, akisubiri mtoke ndipo aingie.

Sasa tuje kwenye ile salamu. Mimi nina miaka sabini na moja. "Nabusu mkono" nimeambiwa na wanafunzi wangu, na wauza maziwa, na wakwe waliotaka kitu. Tangu nizaliwe sijasikia mama anamwambia mwanawe. Mama yako alilisema neno hilo kwa sababu aliona umeingiwa na hofu, akataka kukuokoa, akajishusha chini kuliko sakafu aliyoipiga deki. Na wewe ukamjibu "Weka pale." Hata mgeni asiyemjua angesema asante.

Lakini hilo ningeweza kukusamehe, hofu humtoa mtu akili. Nisilokusamehe ni "Msikilize bibi yako." Bibi yake alikuwa amesimama mbele yenu na taulo! Kati yenu wanne mle chumbani, mwenye miaka mitano peke yake ndiye aliyemwita kwa cheo chake, na wewe ukamrudisha nyuma.

Mama mkwe wako simtetei. Mwanamke anayemfundisha mtoto nani wa kuamkiwa na nani wa kupitwa anahitaji kukaa na mimi nusu saa. Ila yeye anamdharau mtu asiyemjua, wewe unamdharau unayemjua, na hapo ndipo anapokuzidi utu. Tena nikuambie siri ya watu wa rika langu: mtu anayeomba kuonja ugali wa maziwa na kuukomba wote hakuanza kuula siku hiyo. Ukoo wa meno nao una kijiji chake mahali fulani.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Wewe umezidi, umeiacha asili na utumwa ukamwachia mama.

Unashangaa kwa nini alikubali. Nilipofika hapo kwenye barua yako nililia, nakuambia wazi. Mama yako hakukubali kwa unyonge, wala kwa kuwa hana pa kwenda. Aliona mlango wa mbele wa nyumba yako umefungwa na wa jikoni umefunguliwa, akaona bora apite huko huko. Yuko tayari kuwa mfanyakazi wa binti yake, aitwe dada na mkwe mwenzake, asimame wakati ninyi mmekaa, ili mradi kila asubuhi ndiye atakayemsuka nywele mjukuu wake. Na wewe unataka aseme anaumwa.

Sasa sikiliza, na usinijibu.

Leo hii, kabla ya kula, mwambie mumeo. Yeye peke yake, mlango umefungwa. Usianze na utoto wako wa shida, usilie kwanza ili akuonee huruma. Sema, "Yule mhudumu wa hotelini ni mama yangu, na mimi nilikudanganya." Halafu nyamaza umwache akasirike, ana haki hiyo. Ukipenda boga penda na ua lake, na kama Tiberiu alikupenda atalikubali ua. Asipolikubali, mwache aende na meno yake.

Kesho, Ijumaa, omba ruhusa kazini, mchukue Ilinca, pandeni treni mwende Bucharest. Hotelini usipite kwa yule bwana wa mlangoni. Zunguka nyuma wanakotokea wafanyakazi, msimame hapo kama wanavyosimama watu wengine wanaosubiri ndugu zao. Njiani uwe umeshamwambia mtoto huyo ni nani. Usitafute maneno mazuri, watoto wa miaka mitano hawahitaji hotuba. Mama akitoka, mwache mtoto atangulie. Radhi utaiomba baadaye, mkiwa mmekaa, na ujiandae kwamba anaweza asiitoe siku hiyo.

Kisha muulize anataka nini. Nimesema muulize, si umpangie. Huenda akataka kuja kukaa kwako kama bibi wa mtoto. Huenda akataka kurudi kwenye kazi yake, ambayo anaijua na wanamheshimu, na awe anakuja kuwatembelea. Huenda akakuambia uende zako. Lolote atakalosema, jibu lako ni ndiyo mama. Akikubali kuja, Jumapili ataingia kwa mlango wa mbele, atakaa mezani, na utakayesimama na sahani ni wewe. Kitanda chake utandike kwa mikono yako, kwenye chumba chenu kikubwa, ninyi mkalale karibu na jiko. Umesema kina dirisha.

Najua unachofikiria. Unafikiria usubiri kidogo, upime upepo, labda baada ya Pasaka. Nimelifikiria hilo nikakusaidia. Uliomba nibadilishe majina, nami nimeyabadilisha, lako, la mumeo, la mtoto, hata la mkweo. La mama yako nimeliacha, kwa sababu limebadilishwa vya kutosha. Yaliyotokea nayo nimeyaacha kama ulivyoyaandika. Gazeti hili hufika vibandani Cluj kila Alhamisi saa moja asubuhi, na wanaolinunua ni wanawake wa umri wa mama mkwe wako, ambao huanza na ukurasa wangu kabla hawajanywa kahawa.

Kwa hiyo huenda mkweo naye amefika mstari huu huu. Simama, binti. Mwite mumeo.

Mama Aglaia