Mgonjwa wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Juni

Chaki hakuna tena. Nimekwenda na yangu kutoka nyumbani, kipande kama jino. Wanafunzi mia na watatu, viti sabini. Waliochelewa wamekaa madirishani. Kozi inaitwa Kuzungumza Kiingereza, mwaka wa kwanza, na hakuna anayezungumza. Wanaimba. Nikitoa salamu, wote wananijibu kwa sauti moja mpaka bati linatikisika. Nikimwita mmoja asimame peke yake, anatazama viatu.

Leo ukurasa wa kumi na nne wa silabusi. Kwa Daktari. Mistari sita tu. Kijana anampeleka baba yake hospitali. Daktari anauliza, nani mgonjwa? Kijana anajibu, baba yangu ni mgonjwa. Tangu lini? Anakula? Analala? Basi, kwisha.

Wote wanataka kuwa daktari. Wote! Mtu wa kuleta mgonjwa, hakuna hata mmoja. Yule wa kwanza niliyemlazimisha akanyoosha shati, akavuta pumzi, akasema kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba baba yake si mgonjwa. Darasa zima: Amina! Na makofi juu.

Akasimama Delphin. Huyu ni mkuu wa darasa, wenyewe wanamwita CP. Yeye ndiye anayesema kwa niaba ya wote, maana hapa mwanafunzi hamfuati mwalimu, anamtuma CP. Hata kwenye kozi ya kuzungumza! "Madame, mutu hawezi kumuitia papa yake ugonjwa na kinywa yake mwenyewe. Kinywa inafunga: neno ukisema, inakuja."

Nikawaambia ni mazoezi. Ma-zo-e-zi. Wakatikisa vichwa kwa heshima kubwa.

Nimerudi nyumbani Mangobo sauti imekauka. Nimekula lituma ya jana, makemba yetu, ndizi za kuponda, baridi, nimesimama jikoni. Hasira hainiachi nikae.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kwa Profesa mwenye kozi, kumwomba tubadilishe ukurasa. Sokoni, njiani, popote, mradi pasiwe na mgonjwa. Hakuinua hata macho. Ukurasa uko kwenye silabusi, silabusi imepitishwa, mtihani wa mdomo ni ukurasa huohuo. Asiyeusema hapati alama ya kuzungumza. Asiye na alama hiyo anarudia mwaka.

Mimi ni asistan, msaidizi wake tu. Asistan hana mdomo. Nimesema asante Profesa, nimetoka, nimepiga teke ndoo iliyokuwa barazani. Haikuwa na kosa, masikini.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata dawa! Kila mmoja aanze na maneno haya: jina langu ni Peter. Peter wa vitabu vya zamani, yule mwenye mbwa na baiskeli. Kisangani hatumjui. Hana ukoo hapa, hana kanisa. Baba yake akiugua, shauri yake.

Wakamtuma CP nje na wenzake wawili kushauriana. Bon, wakarudi. Wamekubali.

Hadi adhuhuri baba wa Peter alikuwa ameugua mara themanini. Halali, hali, ana homa, masikini mzee wa watu. Wasichana nao ni Peter. Sijali. Mmoja alimwonea huruma mpaka akamwombea kabla ya kukaa. Nilicheka mpaka machozi, mara ya kwanza mwaka huu.

Ila mmoja. Feza, mstari wa tatu, karibu na nguzo. Binti wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko. Kwa kuandika ndiye wa kwanza darasani, daftari lake ningeweza kufundishia. Akasimama, akanyamaza. Nikamsaidia: jina langu ni... Nikamwambia ni Peter huyo, si wewe.

"Peter iko na papa yake, Madame. Mie niko na wangu."

Akakaa. Sikumwambia akae.

Alhamisi, 5 Juni

Hakuna darasa. Mvua. Yaya Marthe, dada yangu mkubwa, amepiga simu kutoka Ubundu. Mama iko muzuri, anasema. Nyuma yake nasikia mtu anakohoa, kikohozi kirefu, cha kukwangua. Nani anakohoa? Eti jirani. Jirani anafanya nini ndani ya chumba cha Mama asubuhi yote hii? Eti anasalimia.

Mawe, jamani! Watu gani sisi? Mtu akivunjika mguu, yuko vizuri. Nyumba ikiungua, tunamshukuru Mungu. Unauliza swali la ndiyo au hapana, unapewa baraka. Nimemkatia simu. Halafu nikampigia, haikupita.

Ijumaa, 6 Juni

Zoezi la mwisho kabla ya mtihani. Nimemwita Feza mbele. Nilijisemea moyoni, msichana huyu hataniangusha, ni woga tu, nikimsukuma kidogo atavuka. Nikawa daktari mwenyewe. Nani mgonjwa? Nikauliza tena. Nikauliza mara ya tatu, kwa sauti. Anaitazama chaki mkononi mwangu, midomo imebana kabisa.

Hapo presha ikapanda. Nikamwambia mbele ya wote kwamba atarudia mwaka, yeye pamoja na mapepo yake.

Darasa: Oooooh! Ile kelele yao. Akakusanya vitu vyake, polepole, kalamu, rula, daftari, akatoka. Hakulia. Afadhali angelia.

Nimeudhika naye. Akili yote ile, anaitupa kwa sababu ya neno moja. Neno! Halivunji sahani, halizimi taa. Mimi nimesoma miaka mingapi ili nije kubembeleza watu waseme mgonjwa?

Sikupaswa kutaja mapepo, lakini.

Jumamosi, 7 Juni

Delphin kafika nyumbani, na shati la Jumapili. Kakaa pembeni ya kiti. Kazunguka wee, mvua, barabara, afya ya watoto wa jirani. Alors, nini? Eti Feza aonewe huruma, iko na problème ya nyumbani.

Problème gani? Akatazama dari. Nikauliza ni mimba? Hapana, Madame. Ni karo? Hapana, Madame. Sasa ni nini? Ni problème, Madame.

Nikamwambia mtihani ni Jumatatu, ukurasa ni wa kumi na nne, asalimie nyumbani. Alipoondoka nikagundua hakunywa hata maji niliyompa.

Jumatatu, 9 Juni

Mtihani. Kutoka asubuhi mpaka jioni, mmoja mmoja, kwenye kile chumba kidogo cha ramani. Kina Peter mia na wawili. Sasa nautambua ugonjwa wa yule mzee kuliko daktari yeyote. Kijana mmoja kaniambia baba yake ni mgonjwa ila kwa neema ya Mungu ameshapona hapohapo mlangoni. Nimempa alama zake, nguvu za kubishana sina. Msichana mmoja kasahau kuwa yeye ni Peter, kasema jina lake la kweli, kashtuka, kaomba aanze upya. Nikamwacha aanze upya.

Feza hakuja. Nilingoja. Niliwaruhusu wengine wapite mbele ili jina lake libaki mwisho. Nikatoka barazani mara tatu. Giza lilipokaribia nikafunga mlango.

Fomu ya alama inatakiwa kwa Profesa Jumatano asubuhi. Kwenye jina la Feza sijaandika kitu. Sifuri ni mviringo mmoja tu, sekunde moja. Mkono umekataa. Nimejikasirikia, nimemkasirikia, nimemkasirikia hata huyo Peter.

Jumanne, 10 Juni

Lazima niandike yote, hata mkono ukiuma.

Asubuhi nilimshika Delphin mlangoni mwa maktaba, nikamwambia leo hutoki hapa mpaka useme. Akasema. Kwa sauti ndogo, akitazama huku na huku. Kanong'onezwa na muuguzi. Papa yake Feza yuko hospitali, wiki ya tatu. Ini. Ameugua tangu mwezi wa tatu. Daktari aliwaita mama na watoto nje, akawaambia hakuna la kufanya. Mzee mwenyewe hajui. Mama akawaapisha watoto wote: neno hilo lisitoke kinywani mwa mtu, si nyumbani, si njiani, si kanisani.

Na mimi nimemsimamisha mbele ya watu mia moja, namuuliza mara tatu, nani mgonjwa.

Nikapanda toleka, nikamwambia mwenye baiskeli akanyage. Fomu iko kwenye mkoba. Nilikuwa nimeamua: nimwombe msamaha, nimwandikie kumi kwa ishirini, apite, niondoke. Anayetaka kunifukuza anifukuze.

Chumba cha vitanda sita. Feza alikuwa anamkanda baba yake miguu. Aliponiona akasimama haraka, akashika pazia. Mzee amekwisha, mwili wote, isipokuwa mikono. Mikono bado ni ya mtu wa kuvuta mitego kwenye maji yanayokasirika. Macho ya njano. Lakini adabu! Akamtuma jirani wa kitanda aniletee kiti. Akajaribu kukaa, akakaa.

"Mama Professeur! Huyu mutoto iko anasema Kingereza kweli, ao ananidanganya?"

Nikasema anaandika kuliko wote. Akasema kuandika haoni, macho hayana shule. Anataka kusikia. Tangu aanze chuo hajasikia hata siku moja. Nikasema atapumzika kwanza, papa, siku nyingine. Akasema hapana, siku nyingine ni ya nani? Aseme hapa, leo, yeye iko anasikia.

Feza akanitazama. Nikamtazama. Sikufungua silabusi. Nikamuuliza kwa Kiingereza vitu vyepesi, jina lako nani, unaishi wapi, una ndugu wangapi. Akajibu wima, mikono nyuma. Mzee anafuata midomo yake kama mtu anayetazama mashindano. Nikafikiri inatosha. Nikachukua kalamu.

Ndipo yeye mwenyewe akaufungua ukurasa wa kumi na nne. Hakuna aliyemuuliza. Hakusema Peter. Akasema kwa Kiingereza, baba yangu ni mgonjwa. Ni mgonjwa sana. Tangu mwezi wa tatu. Hali. Halali, anajifanya amelala ili mama alale. Hajui. Sisi tunajua. Hilo la mwisho halimo kwenye silabusi. Wala lile la kujifanya amelala.

Na muda wote huo anatabasamu. Anamtazama baba yake usoni, anatabasamu, sauti haitikisiki hata kidogo. Miezi mitatu ameibeba sentensi hiyo na hakuwa na mahali pa kuitua. Kumbe palikuwa hapa, mbele ya yule ambaye hakupaswa kuisikia, kwa lugha asiyoijua.

Nikamuuliza kwa Kiingereza, kwa sababu daktari lazima aulize, na wewe, binti, unalala? Akasema hapana. Nikamwambia nisamehe. Akasema ndiyo.

Mzee akapiga makofi. Kitanda cha pili wakapiga makofi. Mama mmoja wa kitanda cha mlangoni akapiga vigelegele, muuguzi akaja kuona kuna nini. Mzee anacheka, anashika mbavu, machozi yanatoka. Ona mutoto! Ona!

"Anasema nini, Mama Professeur?"

Nikasema: "Anasema papa yake iko muvuvi mukubwa, hakuna mutu anajua maji kumupita."

Akakunja vidole, anahesabu.

"Maneno yote ile, ni hiyo tu?"

"Kingereza iko murefu, papa."

Akaridhika. Akasema ndiyo maana masomo yanachukua miaka.

Feza alinisindikiza mpaka mlango wa nje. Akanishika mkono kuniaga. Mikono yake ilinuka mafuta ya kukandia.

Alhamisi, 12 Juni

Fomu niliipeleka jana. Feza, kumi na nane. Profesa akauliza kwa nini tarehe yake ni tofauti na za wengine. Nikasema alikuwa na problème ya nyumbani. Akatia sahihi.

Jioni nimempigia Yaya Marthe. Mama iko muzuri, kasema. Nikasema haya, tushukuru. Nikaomba nimsikie mwenyewe. Mama akaniuliza kama nakula, kama bado nawapigia kelele watoto wa watu. Akaanza kukohoa, kikohozi kilekile cha kukwangua. Nikangoja. Alichukua muda mrefu. Alipomaliza nikamwambia nakuja Jumamosi, nitatafuta pikipiki ya asubuhi.

Akauliza kuna nini, mbona ghafla.

Nikasema hakuna kitu, nimetamani lituma ya mkono wake.

Akasema makemba yapo, mengi, niende tu.