Ziwa Letu, Ziwa Yetu

Anyitike, ndugu yangu,

Ugonile. Miaka yote tuliyosalimiana hivyo asubuhi, hatukuwahi kulifikiria neno lenyewe, kwamba kwa Kinyakyusa linasema tu "umelala". Leo nimelifikiria.

Najua hukupenda karatasi. Nilipokuletea maneno ya wimbo yaliyoandikwa, uliigeuzageuza ile karatasi kama tairi unayoitafutia pancha, kisha ukanirudishia: "Nisomee tu, Mwalimu. Macho yangu yamezoea spoki." Kwa hiyo nikimaliza kuandika nitakusomea kwa sauti, hapa hapa barazani kwangu Ngana. Atakayepita barabarani na kudhani nimeanza kuchanganyikiwa, aendelee na safari yake.

Nakuandikia kwa sababu wamekufufua, nami sikupendezwa.

Tangu tukuzike, Kyela imekuwa mji mwingine. Karibu na stendi wamejenga jengo wanaloliita Ukumbi wa Kesho. Juu yake kuna paneli za jua, ndani kuna mtandao na viti visivyolia mtu anapokaa. Anayetaka wimbo wa harusi huiambia mashine majina ya maharusi, na kabla hajamaliza soda yake wimbo uko tayari, pamoja na ngoma, kinanda na vigelegele. Kwaya ya usharika wetu imeacha mazoezi. Sauti ya tatu, iliyotuhangaisha tangu ujana, sasa hutoka kwenye spika ikiwa safi kabisa. Hakuna anayekosea. Hakuna anayekaukiwa koo. Nimekwenda pale mara kadhaa, nimekaa nyuma na kutafuta kasoro, na sikuipata. Hilo ndilo lililonitia shaka. Mahali ambapo kila kitu kinakwenda sawa, mimi huanza kwa kuangalia mlango uko wapi.

Mwenye ukumbi ni Lusekelo, yule kijana wa Ipinda niliyemfundisha Kiswahili darasa la sita. Amesoma Dar es Salaam, amerudi, na bado ananiamkia akiwa amesimama wima. Alinieleza kwamba mashine hiyo ni akili unde, yaani akili ya kuundwa. Neno limetungwa vizuri. Sina ugomvi nalo. Kisha akasema, kwa upole wa daktari anayeeleza dawa, "Mwalimu, huko tunakokwenda hakuna kitu kizuri kitakachopotea tena. Hata watu."

Nikamwuliza, "Na wasipopotea, wanakaa wapi?"

Akacheka. Alidhani natania.

Sasa sikia walilokufanyia. Kumbukumbu yako ilipokaribia, binti yako Atupele alimpelekea Lusekelo kanda zako zote za kaseti, pamoja na zile nyimbo alizokurekodi kwa simu ulipokuwa unaunga cheni za baiskeli. Lusekelo aliahidi kwamba siku ya kumbukumbu utaimba mwenyewe, na baada ya hapo sauti yako itabaki ukumbini, iimbe chochote itakachoombwa, harusini, kwenye kampeni, hata kwenye tangazo la sabuni. Lakini alitaka ruhusa ya familia, na Atupele akakataa kuitoa kabla ya kunisikia mimi.

Alikuja hapa kwa bodaboda, mvua inanyesha, viatu ameshika mkononi.

"Baba Mdogo," aliniambia, "wewe umesimama kulia kwa Baba maisha yako yote. Nenda ukasikilize. Ukisema ni yeye, nitakubali. Ukisema siye, kanda zinarudi kabatini." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Mama anasubiri kwa hamu. Hali chakula vizuri. Anasema akisikia sauti yake hata mara moja atalala."

Unaona mzigo niliotwishwa. Nikisema siye, namnyima mkeo usingizi. Nikisema ndiye, nakuuza.

Na mimi ni nani wa kutoa ushahidi? Tangu siku ya mazishi, kibuyu changu kilikuwa kinaning'inia jikoni juu ya mafiga, kinapata moshi. Watu wakiniuliza kazi yangu, nilikuwa nawaambia ni mwalimu mstaafu, basi. Kikundi chetu cha malipenga, ngoma ya vibuyu vya kuvumisha kwa mdomo, kilikuwa kimekufa pamoja nawe, nami sikuona haja ya kuwa na jina jingine.

Nilikwenda. Lusekelo alinikalisha mbele, akabonyeza, nawe ukaanza kuimba wimbo wetu wa ziwa. Nywele zilinisimama. Mikwaruzo ya kooni mwako ilikuwepo. Ule uvivu wako wa kumalizia mistari ulikuwepo. Vibuyu vililia nyuma yako, vikivuma kama nyuki kwenye mzinga, na upande wako wa kulia nilikisikia cha kwangu. Nilijisikia nikipiga huku mikono yangu imelala mapajani. Kisha ukafika kwenye kiitikio, ukaimba:

"Ziwa letu."

Nisikufiche: nilifurahi. Miaka yote ile nilikuambia kwamba "ziwa" liko katika ngeli ya LI-YA, kwamba ni ziwa hili, ziwa lile, ziwa letu, nawe kila mara ulinisikiliza kwa adabu, ukapanda jukwaani na kuimba "Ziwa yetu" mbele ya mkuu wa wilaya. Mara moja ulinijibu kwamba likiwa "letu" ni la serikali, likiwa "yetu" ni la kwetu. Sikucheka siku hiyo. Na sasa ulikuwa mbele yangu, ukilitamka kama msomaji wa taarifa ya habari. Nilikuwa nimeshinda.

Nilifika hadi kwenye duka la Bi Zuhura ndipo furaha ikaanza kuniwasha mwilini. Nani alikufundisha? Ulikataa kufundishwa na mimi ukiwa hai. Ungewezaje kukubali kufundishwa na mtu nisiyemjua, ukiwa umekufa? Nilirudi ukumbini, nikamwuliza Lusekelo. Alisema hakuna aliyekusahihisha. "Mashine inajisahihisha yenyewe, Mwalimu. Imesoma Kiswahili sanifu."

Mwanafunzi wangu bora kuliko wote, kumbe, ni mashine.

Lakini nilijishuku pia. Huenda ilikuwa huzuni tu, au wivu wa mzee anayeona kazi yake inafanywa bila yeye. Mtu hawezi kumnyima mjane sauti ya mumewe kwa sababu ya ngeli. Kwa hiyo Atupele aliponiuliza, nilimwambia asubiri hadi siku ya kumbukumbu. Alinitazama. Alikuwa amezoea kupata jibu langu palepale.

Nikakishusha kibuyu. Ule utando wa buibui unaofunika tundu, ambao ndio unaokipa mvumo, ulikuwa umepasuka. Nilitafuta mwingine kwenye ukuta wa ghala, nikaupata, nikaubandika kwa gundi ya viraka vya baiskeli. Ukajikunja kama jani la mgomba motoni. Nilisimama pale nikiwa na hasira, nikasikia kicheko chako waziwazi, na maneno yako: "Gundi ni ya tairi, Mwalimu. Kibuyu kinataka nta." Nikatafuta nta. Nikaubandika tena, nikakiweka mdomoni, nikavumisha. Kililia vibaya, lakini kililia.

Nilipoanza kuujaribu wimbo, jambo moja lilinirudia. Tulikuwa Matema, tumetoka kupiga kwenye harusi, tunakula dagaa usipa wa kukaanga. Nilikuwa nimekuonya kwa mara nyingine kuhusu "yetu". Ulifuta mafuta mdomoni, ukasema bila utani wowote: "Hiyo 'le' yako inafunga mlango. 'Ye' inaacha wazi, ninyi mpate kuingia."

Wakati ule nilihesabu maneno hayo kuwa kisingizio cha mvivu. Nikiwa na kibuyu mdomoni, nililijaribu. Ukisema "le", ulimi unapanda juu, unagusa, unakata. Ukisema "ye", haugusi popote. Unaweza kukaa hapo kadiri unavyotaka. Nawe ulikaa. Ulikuwa unasema "Ziwa yeee", unatuangalia mmoja mmoja, na hukuimalizia hadi wote tumeingia. Siku ambazo mimi nilichelewa, na nilichelewa mara nyingi kwa sababu nilikuwa nasikiliza sarufi badala ya wimbo, uliivuta hadi mshipa wa shingo ukakutoka. Hukuwahi kuniacha nje.

Siku ya kumbukumbu, nyumbani kwako Ngonga palijaa. Shemeji zako walivuka mpaka kutoka Karonga. Wali ulipikwa, na samaki mbasa. Mkeo aliketi kwenye mkeka mbele kabisa, kitenge kimefunika mabega, macho kwenye spika kana kwamba ni mlango utakaopitia wewe. Lusekelo akabonyeza. Ukaimba.

Watu wengine walilia. Mkeo hakulia. Alikunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni. Bi Zuhura alikuwa ameketi karibu nami. Unajua asivyoweza kunyamaza, hata msibani. Aliniinamia akanong'ona, "Mwalimu, huyu ni Anyitike aliyekwenda chuo kikuu."

Kiitikio kilipokaribia nilisimama. Nilikuwa nimekificha kibuyu ndani ya koti. Nilikiweka mdomoni nikasubiri nafasi yangu, na haikuja. "Ziwa letu", ikakata, vibuyu vyake vikalia mara moja, cha kwangu kikiwa kimo ndani yake tayari. Nilijaribu mara ya pili. Wimbo ulikuwa umejaa. Haukumhitaji mtu yeyote aliyekuwa pale, hai wala maiti.

Nikamwambia Lusekelo aizime. Sikupaza sauti, nilitumia ile ya darasani. Akaizima.

Sijawahi kuongoza wimbo, unajua hivyo. Sauti yangu ni ya kuita majina ya wanafunzi. Lakini niliimba, mbele ya shemeji zako, mbele ya mchungaji, mbele ya kijana niliyemfundisha ngeli mwenyewe: "Ziwa yeee." Nikaishikilia. Pumzi zilianza kuniishia, na hakuna aliyeingia. Niliona aibu inakuja. Ndipo mmoja wa wenzetu wa zamani, asiye na kibuyu, akavumisha kwa mdomo mtupu. Mwingine akafuata. Atupele akaingia kwa sauti ya juu, na mwisho kabisa akaingia mkeo, amefumba macho, amekaa palepale mkekani. Ndipo nikamalizia: "-tu." Nikakitia kibuyu mdomoni, nikachelewa.

Mkeo akafumbua macho. "Kachelewa," alisema, "kama kawaida yake." Kisha akalia, akalia vizuri, na baadaye akaomba chakula.

Lusekelo alitufuata mimi na Atupele nyuma ya nyumba, penye majamvi ya kukaushia kakao. Hakuwa na kiburi. Nakiri hivyo, ingawa nilikitafuta kwake. "Mwalimu, hilo ni jambo dogo," alisema. "Naweza kuiambia iseme 'yetu' sasa hivi. Hata kuivuta naweza."

Nilikuwa natafuta jibu lenye hoja tatu. Binti yako akanitangulia.

"Kaka, usiifundishe kukosea," alimwambia. "Baba alikosea mwenyewe."

Kanda zako zimerudi kabatini. Ziko palepale, na anayetaka kukusikia anakaribishwa, mradi aje na uvumilivu wa kanda inayokwama. Kikundi kimeanza tena. Tunakutana Jumamosi alasiri, mvua ikiruhusu, na wazee tunawazidi vijana kwa idadi. Lusekelo ametualika tufanyie mazoezi ukumbini kwake, bila mashine. Sijui nia yake. Anatutazama sana midomo tunapovumisha, na simu yake haikai mbali. Nimekubali, lakini nakaa karibu na mlango, na simu zote huwekwa kwenye ndoo nje kabla hatujaanza. Wananicheka. Wacheke.

Watu wakiniuliza kazi yangu sasa, nawaambia mimi ni mpiga kibuyu. Wengine hudhani wamesikia vibaya, nami nawarudishia jibu hilohilo.

Usije ukadhani nimekubali kwamba ulikuwa sahihi. Ulikosea. "Ziwa yetu" ni kosa, lilikuwa kosa na litabaki kosa, na mtoto atakayeniandikia hivyo katika insha nitampigia mstari. Lakini nakuahidi kwamba maadamu nina pumzi nitaliimba neno hilo kama ulivyoliacha, nitaishikilia "ye" hiyo hadi wa mwisho aingie, hata akiwa mtu wa kuchelewa. Nikishindwa kuivuta, nitamfundisha mwingine kuivuta kabla sijaja huko.

Kwaheri, ndugu yangu. Lala hapo unapofikiwa na upepo wa ziwa yetu. Nimeandika hivyo kwa makusudi, usimwonyeshe mtu.

Ni mimi, Mwalimu,
kibuyu cha kulia kwako.