Mkono wa Kulia wa Mbonea

Kaka yangu Mbonea,

Shikamoo. Sijui uko shamba gani la mkonge, wala sijui kama bado unataka kunisikia. Mtu mmoja wa Ndungu alisema alikuona upande wa Tanga ukikata majani kwa mkono wa kushoto. Nilipomuuliza wa kulia una nini, alinishangaa. "Si ule ulioharibiwa na sindano?" Nikanyamaza. Kunyamaza nimekuzoea, ndiyo kazi niliyoifanya miaka hii minne.

Leo nimechoka nako. Barua hii ni yako, lakini wengine wataisikia kabla haijakufikia.

Unakumbuka siku uliyochanjwa? Mwaka ule ugonjwa wa kupooza ulikuwa umepita huku kwetu. Watoto walilala wazima wakaamka hawawezi kusimama. Serikali ikaleta sindano, watu wakaikimbia. Wengine walisema ni dawa ya kuwafanya wanaume wasizae, wengine wakasema Wazungu wanawatia watoto alama ili kesho wawachukue jeshini. Ndipo dresa wa zahanati alipopata akili akakutafuta wewe. Nani hakukujua? Bondia wa Upare, uliyewalaza wanaume kuanzia Moshi mpaka Korogwe! Vijana walitembea kwa mabega kama wewe. Hapa Vudee mama mmoja alimpa beberu wake jina lako, nawe ukapanda mlima mzima kwenda kumwamkia huyo beberu.

Ulikubali bila kuombwa mara mbili, na sababu naijua mimi. Mdogo wetu Nakunda alitambaa kwa viganja mpaka alipokufa. Wewe ndiye uliyekuwa ukimbeba mgongoni kwenda kanisani, ukimwambia akushike masikio ili asianguke.

Soko la Same lilijaa siku hiyo. Bwana Shauri wa wilaya alikaa kwenye kiti, jumbe akasimama nyuma yake. Dresa akakuuliza unataka mkono gani. Ukasema kwa sauti watu wote wasikie, "Huuhuu wanaoujua." Ukakunja shati, ukanyoosha mkono wa kulia. Halafu ukafumba macho! Nilikuona. Nilikutania njia nzima ya kupanda mlima, nikikuuliza bondia gani anaogopa sindano. "Ngumi naiona ikija, Nakijwa," ulisema. "Kile kidude kinakuja polepole mno."

Walikupiga picha, na haikupita muda picha ikawa kila ukuta, kwa jumbe, kwa Mhindi wa duka, penye ghala la pamba. Mbonea amekunja shati. Watu wakaanza kulegea. Ikatangazwa kwamba utapigana Same na mkata mkonge kutoka Korogwe, na kwamba atakayemleta mtoto kuchanjwa atakaa mbele kabisa, karibu na ulingo.

Nilimwambia mume wangu kwamba nitampeleka Namsifu. Alikuwa na mwaka mmoja tu, bado ananyonya. Alichukua mpini wa jembe.

Ulifika kesho yake, siku moja kabla ya pambano, umeniletea sukari na kitenge. Ulinitazama jicho lililovimba na mdomo uliopasuka. Uliweka sukari chini taratibu, kama vile chini kulikuwa na mtoto amelala, ukamfuata mume wangu bandani alikokuwa akiwakatia ng'ombe majani. Nilikushika shati, likachanika. Ngumi ya kwanza ilimpata tumboni akakunjamana. Ya pili uliitupa kwenye taya, naye akainamisha kichwa, ikampata juu ya sikio, kwenye mfupa mtupu. Nilisikia kitu kikivunjika, nikadhani ni kichwa chake. Alianguka kwenye mavi ya ng'ombe, damu ikimtoka sikioni. Wewe ulisimama ukiutazama mkono wako. Vidole viwili vilikataa kufunguka.

Kumpiga shemeji kwetu si mchezo. Ni kikao cha wazee, ni mbuzi, ni pombe, na mke hubaki akingoja kusikia anaambiwa nini. Mume wangu alilijua hilo hata akiwa amelala pale chini. Akaniambia, "Jambo hili likitoka nje ya banda hili, wewe unarudi kwenu leo hii, na mtoto anabaki kwa ukoo wangu. Hutamwona tena."

Nikakusihi usipigane. Ukasema, "Picha yangu iko kila ukuta. Nisipopanda ulingoni, watasema sindano. Nikisema mkono umevunjika, wataniuliza umevunjikia wapi. Nitajibu nini, nikupoteze wewe na mtoto?" Ukaufunga mkono kwa kipande cha kile kitenge changu kipya, ukashuka mlima.

Kesho yake na mimi nilishuka, nikamwambia mume wangu naenda kukutazama tu. Nilikuwa kwenye foleni ya dresa, Namsifu mgongoni, watu wawili mbele yangu. Kutoka pale nilikuona vizuri. Raundi mbili ulimzungusha yule mkata mkonge kwa mkono wa kushoto peke yake, watu wakicheka wakidhani unamchezea. Ya tatu ulijisahau, au ulichoka kujikumbuka, ukampiga kwa kulia. Uso wako ukabadilika rangi. Aliona. Akakupiga mbavu, akakupiga pua, akakupiga jicho mpaka likafunga, na ulipopiga goti akakupiga tena kabla mwamuzi hajamvuta.

Kisha sauti moja ikapasuka: "Sindano! Sindano imemla mkono!"

Niligeuka. Alikuwa mume wangu. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, palepale juu ya sikio ulipompiga, na anapiga kelele akilia machozi kabisa, kama mtu aliyefiwa. Alijua, Mbonea. Katika uwanja ule tulijua watatu tu, wewe hukusema, mimi sikusema, na yeye akasema uongo.

Wakaivamia meza ya dresa. Chupa zikakanyagwa. Walimpiga dresa kwa magongo na kwa kiti chake mwenyewe mpaka sikio likaning'inia. Ukaruka kamba ukasimama mbele yake, damu inakutoka, mkono mmoja juu. Hukumpiga mtu hata mmoja. Wakakupiga walewale waliokuwa wakikubeba mabegani. Jiwe likakupasua nyusi, ukaanguka karibu na miguu yangu.

Dresa alikuwa amejikunyata nyuma yako, chupa moja nzima na sindano amevikumbatia kifuani. Ulinitazama kwa jicho lililobaki. Nilidhani utaniambia, sema. Hukusema hivyo. Ulisema, "Mchanje mtoto."

Nikakimbia.

Nimejitetea kwa mambo mengi tangu siku ile: watu walikuwa na mawe, mume wangu alikuwa ananitazama, mtoto alikuwa analia. Yote ni kweli, na bado nilikimbia.

Masika yalipokuja Namsifu alishikwa na homa siku tatu. Siku ya nne homa ilipoisha tulishukuru Mungu, nikamsimamisha, mguu wa kushoto ukakunjika kama kitambaa. Wewe ndiye uliyembeba hadi hospitali ya Gonja, mgongoni, mkono wako ukiwa umeunga vibaya. Njia yote ulimwambia akushike masikio. Mimi nilitembea nyuma yenu nikisikiliza, natamani unitukane. Hukunitukana. Uliporudi ulichukua blanketi lako ukaondoka, na huku nyuma wakasema umekimbia aibu.

Nakuchukia kidogo kwa upole wako ule, kaka. Ungenitukana ningesema mapema.

Sasa Namsifu anapanda njia ya shamba kwa viganja, na ana ulimi mkali kunishinda. Nina mtoto mwingine wa miezi saba. Baba yake anamwita jina la ukoo wao, mimi namwita Mbonea tukiwa wawili. Na jumbe ametangaza kwamba sindano inarudi. Dresa ni yuleyule, sikio moja. Kina mama kisimani wanaambiana, "Mwanangu asije akawa kama Mbonea." Ile sura yako waliyoitumia kutuita, sasa ndiyo wanayoitumia kuwatisha watoto. Nina kipande cha picha nilichokibandua ukutani kwa jumbe. Macho wameyatoboa kwa msumari, mkono umebaki mzima.

Jumamosi pembe itapigwa, kijiji kizima tutatoka kwa msaragambo wa kuzibua ndiva yetu, bwawa la maji ya mashamba limeanza kujaa tope. Hakuna nyumba inayokosa siku ya msaragambo. Nitapanda kwenye ukingo wa bwawa na nitaisoma barua hii tangu shikamoo mpaka jina langu. Watasikia kwamba sindano haikuvunja mkono wa Mbonea. Ulivunjika juu ya sikio la mume wangu, siku aliyonipiga kwa sababu ya hiyo sindano. Asiyeamini na aende akalipapase sikio, uvimbe upo mpaka leo.

Yeye atakuwepo, na jembe lake lina mpini mpya. Naogopa, sikufichi. Huenda atanipiga palepale; basi watu wataona kwa macho yao, sitakuwa na haja ya kusimulia. Huenda nitarudi kwetu siku hiyohiyo mikono mitupu, naye atamvuta mtoto kutoka mgongoni kwangu.

Lakini nimeshazungumza na dresa. Atafika alfajiri, kabla pembe haijalia, kabla sijafungua mdomo. Mume wangu atakapomvuta mtoto, atakuwa anamvuta aliyekwisha kuchanjwa. Nimemwambia dresa amchome mkono wa kulia.

Mungu akulinde huko kwenye miiba. Ukisikia nimerudi nyumbani kwa mama, njoo unisalimie, uje na masikio yako mawili, Namsifu bado anayauliza.

Ni mimi mdogo wako,
mama Namsifu, mama Mbonea