Aliyemshtaki Mjomba Malachy

Mtaa wa Kanisa,
Boyle,
9 Novemba 1987

Mpendwa Binamu Lorcan,

Pokea salamu zetu za nyumbani. U hali gani huko Perth? Bernadette na watoto hawajambo? Sisi miili ni mizima, mioyo ndiyo haina raha. Mvua haijakatika tangu Jumapili.

Najua umesikia kwamba baba yako si wakili tena. Nadhani hukuambiwa nani aliyemshtaki kwenye chama cha mawakili. Ni mimi. Heri ulisikie kwangu kuliko kwa watu.

Alianza kusahau mwaka jana. Kwanza majina, kisha siku za kesi. Nikamfunika, maana yeye ndiye aliyenifundisha kazi hapa ofisini kwake. Nilikuwa namkumbusha kila kitu, naye ananitania: "We Attracta, umekuwa mke wa pili? Huyu mmoja tu kelele zake zanitosha!" Nilidhani ningembeba hivyo hadi astaafu.

Mwezi wa Mei akaja Bríd Gaffney, mjane wa yule aliyefukiwa machimboni. Alitaka kujua kesi yake ya fidia imefika wapi. Nikafungua jalada. Karatasi zote zilikuwamo, zimesainiwa, hazikupelekwa mahakamani. Muda wa kisheria wa kuifungua kesi ulikuwa umepita kwa siku kumi na moja. Ana watoto wanne, Lorcan. Njia pekee iliyombakia ni kumshtaki baba yako mwenyewe.

Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia mezani, jinsi mawakili wa zamani walivyolazimika kuwalipa ada mawakili wakubwa wa mahakamani, wale wenye mawigi, bila kuwa na sauti kwao, mpaka wakachoka wakaunda chama chao? Sisi tulikuwa tunasinzia. Lakini mwisho wake haukunitoka: "Chama kipo ili mtu akidhulumiwa na wakili, awe na pa kulia." Na mwenyewe alikaa miaka tisa kwenye kamati ya nidhamu.

Barua ya kumshtaki kwa chama huko Dublin ilinichukua wiki mbili kuiandika.

Siku ya kusikilizwa, mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka. Kamati haikumtendea vibaya. Mzee mmoja aliyesoma naye alimshika mkono, akamuuliza kwa upole kwa nini hakuipeleka kesi ya Gaffney.

"Gaffney?" akasema baba yako. "Si nilimwona sokoni juzi? Mzima kabisa."

Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya mawakili, na majalada akapewa wakili mwingine.

Sasa kila asubuhi anafunga tai, ananingoja nimpeleke ofisini. Nikimwambia ofisi imefungwa, anauliza, "Nani aliyenichongea?" Mwanzoni nilimjibu kweli. Kila mara aliisikia kama mara ya kwanza. "Wewe? Mtoto wa dada yangu?" Kisha analia, na kesho anauliza tena.

Alhamisi nikashindwa. Nikamwambia, "Sijui, Mjomba."

Akanipigapiga mkononi. "Basi nitafutie. Ni wewe tu ninayekuamini."

Lorcan, ukinichukia sitakulaumu. Ila njoo kabla ya Krismasi, angali anakujua kwa jina.

Mama yako Dympna anakusalimu. Mama yangu pia, na Kaka Oisín, anayekuomba umwandikie. Wabusu watoto. Mungu awafunike huko ugenini, na hukumu yako juu yangu iwe ya huruma.

Wako akupendaye, hata kama hutajibu,

Attracta